Klabu za magari mijini: Mwanachama aokoa, mwekezaji ahesabu kwanza

GARI la mtu binafsi mjini ni mali inayolala. Mtu anayeendesha saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi huliacha gari lake limeegeshwa kwa saa 22 kati ya 24, na katika saa zote hizo bima, ada ya maegesho na kushuka kwa thamani ya gari vinaendelea kula fedha yake.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa klabu za magari ya pamoja katika miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Klabu hizo haziuzi gari, bali huuza saa za gari. Mwanachama hulichukua anapolihitaji, hulipa kwa muda aliolitumia na umbali aliokwenda, kisha hulirudisha ili mwingine alitumie.

Kwa mwanachama asiyeendesha sana, mpango huo ni nafuu kuliko kumiliki gari. Kwa aliyewekeza fedha humo, matokeo yamekuwa ya namna mbili. Ushirika mmoja wa Uswisi umedumu tangu miaka ya 1980, wakati kampuni iliyopelekwa katika soko la hisa la Marekani iliwaacha baadhi ya wanahisa wake wakiwa wamepoteza zaidi ya nusu ya mtaji. Tofauti hiyo haikuletwa na ubora wa magari, bali na jinsi gharama za gari lililosimama zilivyogawanywa.

Jinsi klabu inavyofanya kazi

Anayetaka kujiunga hutoa leseni yake ya udereva ikaguliwe, hulipa ada ya kiingilio au ya mwaka, kisha hupewa kadi ya kufungulia mlango wa gari. Zamani gari liliagizwa kwa simu na ufunguo uliwekwa katika kisanduku karibu na maegesho. Sasa kazi hiyo hufanyika kwa intaneti na simu ya mkononi.

Magari hayawekwi katika ofisi moja kama ya kampuni za kukodisha. Huegeshwa mitaani, katika viwanja vya nyumba za kupanga na kando ya vituo vya treni, ili mwanachama atembee dakika chache tu kulifikia. Bei ya saa au ya kilomita kwa kawaida huwa imekwisha kujumlisha mafuta, bima na matengenezo.

Kuna aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza mwanachama ni lazima arudishe gari mahali alipolichukua. Katika aina ya pili anaweza kuliacha mahali pengine ndani ya mji. Aina ya pili humpendeza zaidi mteja, lakini humgharimu zaidi mwenye klabu. Asubuhi magari hukusanyika katikati ya mji, jioni hukusanyika pembezoni, na ni lazima watu walipwe kuyahamisha, kuyasafisha na kuyajaza mafuta au umeme.

Hesabu ya mwanachama

Mwenye gari hubeba gharama za aina mbili. Gharama za kudumu, yaani bima, maegesho na kushuka kwa thamani, hulipwa hata kama gari halikutoka. Gharama za uendeshaji, yaani mafuta na matengenezo, hupanda kadiri kilomita zinavyoongezeka. Klabu huondoa karibu gharama zote za kudumu, lakini kila kilomita yake huwa ghali zaidi.

Chukua mfano wa kukokotoa tu. Gharama za kudumu za gari binafsi ni faranga 5,000 kwa mwaka na uendeshaji ni senti 30 kwa kilomita. Klabu inatoza ada ya faranga 200 kwa mwaka, na kila kilomita, pamoja na muda wake, inafikia senti 90.

Anayeendesha kilomita 3,000 kwa mwaka atatumia faranga 5,900 kwa gari lake mwenyewe, lakini katika klabu atatumia faranga 2,900. Amebakiza faranga 3,000 mfukoni.

Anayeendesha kilomita 8,000 atalipa faranga 7,400 kwa njia zote mbili. Hapo ndipo mizani inapolingana.

Anayeendesha kilomita 15,000 atalipa faranga 9,500 akiwa na gari lake, na faranga 13,700 akitumia klabu. Huyo klabu inampa hasara ya faranga 4,200.

Tarakimu zitabadilika kutoka mji hadi mji, lakini umbo la hesabu halibadiliki. Pale maegesho na bima vinapokuwa ghali na usafiri wa umma unapokuwa mzuri, klabu hushinda. Pale mtu anapolazimika kuendesha kila siku, gari lake mwenyewe hushinda. Kwa sababu hiyo klabu hizi hazikustawi vijijini, wala kwa watu wanaokwenda kazini kwa gari kila asubuhi.

Jambo moja huwapotosha wengi. Mwenye gari akitaka kwenda mahali huhesabu mafuta tu, kwa kuwa bima na maegesho alikwisha kuvilipa, na hivyo huiona safari kuwa rahisi. Mwanachama wa klabu huona gharama yote katika kila safari, kwa hiyo hutembea kwa miguu, hupanda basi, au huunganisha shughuli tatu katika safari moja. Sehemu ya akiba yake inatokana na kilomita alizoacha kwenda.

Ushirika wa Uswisi

Wazo hili si geni. Mwaka 1948 wakazi wa Zurich, Uswisi, walianzisha ushirika ulioitwa Sefage, wakati ambapo wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gari peke yao.

Mwaka 1987 vyama viwili vya ushirika vilianzishwa nchini humo, kimoja katika mji mdogo wa Stans na kingine Zurich. Mwaka uliofuata klabu ya StattAuto ilianza Berlin, Ujerumani. Mwaka 1997 vyama vile viwili vya Uswisi viliungana na kuwa Mobility, ushirika ambao baadaye ulifikisha takriban magari 3,000, mengi yakiwa yameegeshwa karibu na vituo vya treni.

Anayetaka kuwa mmiliki katika ushirika huo hununua hati ya hisa ya faranga 1,000, na sheria ya vyama vya ushirika ya Uswisi humpa kila mwanachama kura moja. Wengine hujiunga kama wateja wa kawaida bila kununua hisa.

Muundo huo una faida tatu. Mtaji unatoka kwa watu walewale wanaotumia magari, kwa hiyo hawadai faida ya haraka. Magari huongezwa pale ambapo tayari kuna wanachama wa kuyatumia. Tena, mtu mwenye hisa yake ndani ya gari ana sababu ya kulirudisha kwa wakati na likiwa safi. Udhaifu wake ni kwamba hukua polepole.

Hisa za Zipcar

Nchini Marekani wazo hili liliingia kwa njia ya kampuni. Robin Chase na Antje Danielson, ambaye alikuwa ameyaona magari ya aina hiyo Berlin, walianzisha Zipcar mwaka 2000 huko Cambridge, Massachusetts. Kampuni ilienea katika miji mikubwa na miji ya vyuo vikuu, na mwaka 2007 iliungana na mshindani wake, Flexcar.

Aprili 2011 Zipcar iliuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza kwa dola 18 kila moja na kukusanya takriban dola milioni 174. Siku ya kwanza sokoni bei ilifunga kwa dola 28. Wakati huo kampuni ilikuwa bado inapata hasara. Mwaka 2010 mapato yake yalikuwa takriban dola milioni 186, na hasara ilikuwa takriban dola milioni 14.

Shauku ya soko haikudumu. Mwisho wa mwaka 2012 hisa ilikuwa imeshuka hadi dola 8.24. Januari 2013 kampuni ya kukodisha magari ya Avis Budget ilitangaza kuinunua Zipcar kwa dola 12.25 kwa hisa, jumla ikiwa takriban dola milioni 500. Wakati huo Zipcar ilikuwa na wanachama wapatao 760,000.

Aliyenunua kwa dola 28 siku ya kwanza na kushikilia hisa zake hadi mwisho alipoteza asilimia 56 ya fedha yake. Aliyepata hisa kwa dola 18 alipoteza asilimia 32. Aliyenunua siku ya mwisho ya mwaka 2012 alipata faida ya asilimia 49 kwa muda mfupi. Kampuni ni ileile na magari ni yaleyale. Kilichotofautiana ni bei ya kuingilia.

Kwa nini Avis iliona faida pale ambapo soko liliona mzigo? Jibu liko katika siku za wiki. Wanachama wa klabu huhitaji magari zaidi mwishoni mwa wiki, kwa manunuzi na matembezi. Wateja wakubwa wa Avis ni wasafiri wa kibiashara, ambao huhitaji magari kati ya Jumatatu na Ijumaa. Gari moja lingeweza kuwahudumia wote wawili. Avis ilikadiria kuwa muungano huo ungeleta nafuu ya dola milioni 50 hadi 70 kwa mwaka.

Paris yapata mzigo

Serikali za miji nazo zimejaribu. Desemba 2011 Paris na miji jirani ilizindua Autolib', huduma ya magari madogo ya umeme iliyoendeshwa na kampuni ya Bolloré. Mwanachama alichukua gari kituo kimoja na kuliacha kingine.

Mkataba ulipangwa kuendelea hadi mwaka 2023. Mwaka 2018 kampuni ilieleza kuwa hasara ingefikia karibu euro milioni 293 kufikia mwisho wa mkataba, na ikataka mamlaka za miji zibebe euro milioni 233. Mamlaka zilikataa, mkataba ukavunjwa, na huduma ikafungwa Julai 31, 2018.

Hata viwanda vya magari havikupona. Daimler ilianzisha car2go mwaka 2008 huko Ulm, Ujerumani, ambako mteja aliweza kuacha gari popote ndani ya eneo la huduma. Mwaka 2019 huduma hiyo iliunganishwa na DriveNow ya BMW na kuitwa Share Now. Mwanzoni mwa 2020 iliondoka Amerika Kaskazini, na mwaka 2022 ikauzwa kwa kampuni ya Stellantis.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba gharama za gari lililosimama hazipotei mtu anapouza gari lake. Zinahama kutoka kwake kwenda kwa mwenye klabu. Kama klabu inaweza kulijaza gari kwa saa za kutosha kila siku, gharama hizo hugawanywa kwa watu wengi na kila mmoja hapati maumivu. Kama haiwezi, mwekezaji au mlipa kodi ndiye anayezilipa.

Maswali ya kuuliza

Afrika Mashariki imefuata njia nyingine. Uber ilipoanza Nairobi Januari 2015 na Dar es Salaam Juni 2016, iliuza safari pamoja na dereva. Pale ujira wa dereva unapokuwa mdogo ukilinganishwa na bei ya gari, asiye na gari huona nafuu kuendeshwa kuliko kukodi usukani kwa saa.

Hata hivyo, hesabu ya klabu inawahusu wafanyabiashara wanaofikiria kununua gari kwa pamoja, kwa mfano pikapu ya wenye maduka watano wa soko moja. Vyama vya akiba na mikopo vimekwisha kuwazoesha watu kuweka mtaji pamoja. Lakini kabla ya fedha kutolewa, yako maswali manne yanayohitaji majibu kwa maandishi.

Kwanza, je, wanachama watalihitaji gari kwa siku tofauti au wote siku ileile ya gulio? Kama ni siku ileile, hakuna kinachogawanywa.

Pili, gari litafanya kazi kwa saa ngapi kwa siku, na nani atalipa bima na matengenezo siku lisipotoka?

Tatu, aliyeligonga atalipa kiasi gani, na bima inakubali madereva wote watano?

Nne, mwanachama akitaka kutoka, hisa yake itathaminiwa kwa bei ya gari jipya au kwa bei ya gari lilivyo siku hiyo?

Kwa mnunuzi wa hisa za kampuni ya namna hii, idadi ya wanachama haitoshi kuwa kipimo. Mtu anaweza kujiunga na asichukue gari mwaka mzima. Kipimo ni mapato ya kila gari kwa siku, yakilinganishwa na gharama ya gari hilo kwa siku. Kampuni isiyotangaza tarakimu hizo mbili inamwomba mwekezaji anunue gizani. Mali bila daftari hupotea bila habari.