Kabla Hujasambaza Habari ya Kale, Tafuta Waraka Wake

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliitaka Ujerumani itekeleze mambo mawili ndani ya miezi sita. La kwanza, irudishe Msahafu wa Khalifa Othman uliokuwa umeondolewa Madina. La pili, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Naam, kiongozi wa Wahehe ametajwa kwa jina katika mkataba uliochora upya ramani ya Ulaya. Mwanafunzi wa Iringa mwenye simu anaweza kukisoma kifungu hicho leo bila malipo, katika mkusanyo wa nyaraka uitwao Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Habari za Mkwawa huzunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Kila anayezipokea huzipeleka mbele, na kadiri zinavyosafiri ndivyo tarehe zinavyovurugika na mashujaa wanavyoongezewa maneno ambayo hawakuyasema. Wengi hudhani kwamba kusoma historia ni kupokea habari za namna hiyo. La hasha. Historia huanza pale mtu anapouliza: nani kaandika haya, lini, na aliyajuaje? Zamani kulijibu swali hilo kulihitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam, Nairobi au London. Sasa sehemu kubwa ya jibu imewekwa mtandaoni, na ni wajibu wetu kuitumia.

Tumfuate Mkwawa hatua moja zaidi. Nyaraka za ofisi ya makoloni ya Ujerumani zimehifadhiwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo, chini ya alama R 1001, na mafaili yake yanasomeka mtandaoni. Humo mna ripoti za utawala na za vita, ikiwemo Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka maelfu kwa maelfu ya picha za enzi za ukoloni. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kuanzia 1860 hadi 1960. Na anayetaka vitabu vya zamani visivyopatikana tena madukani, aanzie tovuti ya Internet Archive.

Kutafuta nako kuna maarifa yake. Ukiandika “Mkwawa” peke yake utakosa mengi, kwa kuwa Wajerumani waliandika pia “Quawa”. Kilwa utaikuta kwa Wareno kama “Quiloa”. Basi tafuta kwa tahajia zote, kisha tafuta kwa majina ya maofisa na ya mahali. Jina la Emil von Zelewski, kamanda aliyeuawa na Wahehe huko Lugalo mnamo Agosti 1891, laweza kukufungulia faili ambalo jina la Mkwawa halikulifungua. Lugha isikutishe, programu za kutafsiri zitakupa maana ya jumla. Hata hivyo, kompyuta hukosea kusoma herufi za Kijerumani za zamani, hivyo linganisha kila neno la msingi na picha ya ukurasa wenyewe.

Ukishapata waraka, andika namba ya faili na tarehe, kisha weka nakala yako. Mwezi Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa muda mrefu. Maktaba hiyo ndiyo inayoendesha mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ambao umehifadhi pia picha za hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu.

Lakini waraka si msema kweli kwa sababu tu ni wa zamani. Ripoti ya vita ya Uhehe iliandikwa na aliyekuja kuiteka Uhehe. Fuvu lenyewe lilirudi mwaka 1954, si ndani ya miezi sita, baada ya Gavana Edward Twining wa Tanganyika kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen, na wapo wanahistoria wenye shaka kama ndilo. Zipo pia nyaraka zilizofichwa. Wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza, ndipo mwaka 2011 serikali hiyo ilipokiri kuwa ilikuwa imeweka kando maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228. Leo mafaili hayo yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza chini ya alama FCO 141, na orodha yake unaweza kuipitia mtandaoni.

Kwa hiyo usiishie kwa watawala. Tafuta walioandika kwa Kiswahili wakati huohuo. Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, kimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyaandika maisha yake mwenyewe. Chuo cha SOAS cha London kina hati za Kiswahili za karne zilizopita. Kisha nenda kwa wazee wa kijijini kwako ukiwa na tarehe na majina mkononi; watakueleza ambayo ofisa hakuyaona wala hakuyauliza.

Walimu wa historia, wapeni wanafunzi waraka mmoja halisi kila muhula wausome wenyewe. Wakuu wa hifadhi za nyaraka za nchi zetu, harakisheni kuweka mafaili mtandaoni, maana Mtanzania hapaswi kupata habari za Iringa kwa urahisi zaidi Berlin kuliko Dar es Salaam. Nawe msomaji mwenye barua za babu, daftari la chama cha ushirika au picha za kale sandukuni, zipige picha wiki hii, uandike majina na tarehe, kabla mchwa hawajazimaliza.