Kikohozi cha mtoto kilichotoka ukutani

Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa hapa Dar es Salaam alimleta mwanawe wa miaka sita zahanati mara tatu ndani ya miezi miwili. Kikohozi cha usiku, kifua kinapiga miluzi, kamasi haziishi, homa hana. Mara ya kwanza na ya pili nilimwandikia antibayotiki. Mara ya tatu, baada ya kumpima kifua kikuu na kuonekana hana, ndipo nikauliza swali nililopaswa kuliuliza mwanzo: mtoto huyu analala wapi?

"Chumba chake kizuri, daktari, tumemwekea hadi kiyoyozi," akajibu. "Ila nyuma ya kabati ukuta umefanya weusi. Baba yake alipaka rangi kabla ya Idi, umerudi tena."

Weusi ule ni ukungu, yaani kuvu, jamaa ya ule unaoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi. Ufahamu kwamba kiyoyozi hakileti ubaridi tu, bali pia hukamua unyevu uliomo hewani, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Maji hayo hudondokea kwenye kisinia kilichomo ndani ya kiyoyozi, kisha hutoka nje kwa mpira mwembamba. Mpira ukizibwa na vumbi na utelezi, au fundi akiulaza bila mteremko, maji hufurika na kuteremka ukutani. Wengi hawayajali kwa kuwa si najisi. Ni kweli maji yale ni twahara, lakini ukuta ukilowa siku mbili tu, twahara au si twahara, kuvu huanza kuota.

Kuvu hurusha vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwenye mzio akivivuta hupiga chafya na kuwashwa macho, mwenye pumu hubanwa kifua. Mwingine hulala chumba hicho hicho asihisi kitu, ndiyo maana watu husingizia baridi ya kiyoyozi, na wengine jicho la jirani. Wenye kinga dhaifu wasilale humo kabisa.

Sasa ufanye nini? Zima kiyoyozi umwite fundi azibue mpira, asafishe kisinia na chujio. Kisha amimine maji kwenye kisinia mbele yako, uyaone yakitoka nje. Usimlipe kabla hujayaona! Maji yasipokoma, kazi ya ukutani ni bure, kama alivyojionea baba yule na rangi yake.

Maji yakishakoma, mhamishe mtoto, sogeza kabati, fungua madirisha. Doa likiwa dogo, tuseme chini ya mita moja ya mraba, vaa glovu na barakoa, ulisugue kwa brashi na maji ya sabuni. Usilikwangue likiwa kavu, utavirusha vijimbegu chumba kizima. Klorini ya kufulia inafaa kwenye vigae, lakini usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwani gesi inayotoka huunguza mapafu. Godoro, zulia au dari ya jipsamu iliyoota kuvu haisafishiki. Ifunge kwenye mfuko uitupe, hata kama inauma. Rangi ni ya mwisho, baada ya ukuta kukauka kabisa, na ukuta wa saruji huchukua wiki kadhaa.

Mtoto yule alibainika kuwa na pumu. Dawa ya kuvuta bado anayo, ila tangu ahamie chumba cha wazazi wake usiku analala.

Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu, usikisingizie ukuta. Na ukifika kwa tabibu, mweleze habari za ukuta hata kama hajakuuliza.