Mu garderi, mutoto wa mwisho ananawa mu mayi ya nani?

Saa kumi na mbili ya asubuhi, mu barabara za Katuba, za Kenya na za Ruashi, wamama wanapita mbio, mutoto ku mugongo, mufuko ku mukono. Baba ameshatoka: bisi ya kampani ilimubeba mbele ya jua, ao sasa njo anarudia kutoka zamu ya usiku. Mama naye iko na meza yake mu soko. Zamani mutoto alibakia na kambo yake ao na dada yake mukubwa. Lelo kambo iko mbali mu mugini, dada iko ku masomo. Basi mutoto anaenda ku garderi, na kule anashinda saa nane, saa kenda, wengine mupaka giza inaingia.

Mu wiki hizi tulitembelea garderi kadiri mu Lubumbashi, mu Likasi na mu Kolwezi. Hatutataja jina ya hata moja. Tuliahidi hivyo, na tena mambo tuliyoikuta ilikuwa karibu sawasawa popote, mazuri na mabaya.

Wazee wetu wanakumbuka namna ingine. Mu wakati wa Union Minière, na kisha mu wakati wa Gécamines, mutoto wa mufanyakazi alipimwa kilo ku munganga wa kampani, na mama alipewa mashauri juu ya chakula na usafi. Hatusemi kama zamani yote ilikuwa nzuri: kampani ilipima watoto juu ilitafuta wafanyakazi wa kesho. Lakini ilipima. Kisha, mu 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa ile tuliita « départ volontaire », na mambo mingi ya kulinda jamaa ilitoka pamoja nao. Garderi ya lelo, mara nyingi, ni vyumba viwili vya mama mumoja mu kartie, wala kampani wala serikali haiko nyuma yake. Masomo ya bure iliyoanza mu 2019 ni ya primeri tu. Kwa watoto wadogo muzazi anatoa falanga yake mwenyewe. Tunasema hivi ili watu wasifikiri tumekuja kuhukumu wale wamama. Wengine wanafanya kazi kubwa kwa falanga kidogo sana.

Ngojeni tuanze na beseni.

Mu garderi moja tulikuta watoto makumi mbili na tatu. Saa sita ilifika, bukari ikaiva, sombe ikawa tayari. Tantini, njo vile watoto wanaita mulinzi wao, aliweka beseni moja ya mayi chini, na watoto wakapanga mulongo. Wa kwanza alinawa mu mayi. Wa tano alinawa mu uchafu wa wale wane. Wa makumi mbili na tatu, yeye alinawa mu nini? Sabuni ilikuwako, tuseme kweli, lakini ilikuwa mu kabati juu watoto « banaichezea mu mayi, inaisha siku moja ».

Desturi hii tunaitoa ku nyumba. Wageni na wababa wananawa wa kwanza, kisha wamama, mutoto ni wa mwisho. Ni heshima, na hatuikatai. Lakini mu beseni, heshima ile inampa mutoto muchanga mayi ya watu wote, naye njo mwenye tumbo ya nguvu kidogo kuliko wote. Mutu anyweshe mayi kwa kopo juu ya mikono, mayi ya kunawa ianguke mu ndoo ingine, basi. Garderi moja ya Likasi tuliipenda sana: walitundika bidoni ya litre tano ku muti, wakaitoboa kitundu kidogo, wakafunga kamba chini ili mutoto akanyage kijiti na mayi itoke. Sabuni iko mu kipande cha wavu, imefungwa palepale, mutoto hawezi kuiangusha mu mayi. Watoto wa miaka mitatu wanaitumia wao wenyewe na wanaimba wimbo wao mupaka mwisho mbele ya kuacha. Wimbo ule ni wa sekunde makumi mbili hivi, na ile njo wakati inayohitajika. Tuliuliza yote ilikuwa falanga ngapi. Tantini alicheka: « Bidoni ilikuwa ya mafuta, kamba ilikuwa ya mbuzi. »

Wanawe wakati gani? Mbele ya kula, na kila mara kisha choo. Na tantini naye kila mara alipomugeuza mutoto nguo. Hapa kuna mawazo moja tuliyoisikia pahali pengi, ya kama haja ya mutoto muchanga haina ubaya, juu yeye ananyonya tu. Sivyo. Haja ya mutoto inabeba mikrobu sawa ya mutu mukubwa, na mara zingine zaidi, juu watoto njo wanaharisha mingi. Pampers ya kutupa isiachwe mu kiwanja kwa imbwa na inzi. Nguo za kufua zisifuliwe mu ndoo inayotekea mayi ya kupika. Na kama garderi iko na watu wawili, mumoja apike na mwingine ageuze watoto. Kama tantini iko peke yake, basi sabuni ikae karibu naye kuliko simu yake.

Mayi yenyewe ni shida ingine. Pahali pengi robine ya REGIDESO inatoa mayi usiku tu, ao haitoi kabisa, na watu wanaenda ku kisima kilichochimbwa karibu na choo ya jirani. Mu Katanga tunajua bei ya mayi mubaya. Kolera iliingia kwetu mu miaka ya 1970, na tangu pale haijatoka kabisa: inalala mu maeneo ya maziwa, ya Kalemie na ya Bukama, kisha inapanda njia na inafika mu miji. Mayi ya kunywa ya watoto ichemshwe. Kama makala ni ya bei kali, itiwe javeli: kwa javeli ya kawaida ya mia kwa tano, matone mawili kwa litre moja ya mayi yenye kuonekana safi, kuchanganya, na kungoja nusu saa. Musome chupa kwanza, juu javeli zingine ni za nguvu zaidi na zingine ni mayi tupu. Mayi iliyotengenezwa ikae mu bidoni yenye kifuniko. Tulikuta ndoo wazi na kopo moja inayoelea ndani, kila mutoto anaingiza mukono wake na kunywa. Pale, hata mayi ya kuchemsha inaharibika mbele ya saa nne. Kila mutoto awe na bilauri yake, na alama yake, ua ao samaki ao motokari, mutoto mudogo hajui kusoma jina.

Tena juu ya javeli. Ni dawa nzuri ya kupangusa sakafu na choo pahali mutoto ameharisha ao ametapika: sehemu moja ya javeli mu sehemu kenda za mayi. Lakini tuliiona, mara mbili, mu chupa ya Fanta, chini ya meza, bila kifuniko cha nguvu. Petroli vilevile. Mutoto wa miaka miwili akiona chupa ya Fanta, atafanya nini? Ikae mu chupa yake, juu kabisa, mu kabati yenye kufungwa.

Sasa tunafika ku jambo ambalo linagusa jamaa za wachimbaji kuliko jamaa zingine zote. Ni vumbi.

Mu Kolwezi, mu kartie Kasulo, tangu 2014 watu walichimba mawe chini ya nyumba zao wenyewe, mu kiwanja na hata mu salon. Wanganga na wanafunzi wakubwa wa université ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven mu Ubelgiji, walienda kupima watu wa kule, na walitangaza matokeo mu 2018. Waliwapima damu na mukojo na walikuta kobalti mingi, mingi kuliko kwa watu wa kartie ya karibu pahali hawachimbi. Na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mutoto hakushuka mu shimo. Lakini anacheza chini, anatambaa chini, kisha anaweka vidole mu kinywa. Vumbi inayokaa mu sakafu, yeye njo anaikula.

Basi tuangalie mulango wa garderi saa kumi ya mangaribi. Baba anatoka ku kariere, ao ku usine, na salopeti yake ingali nyekundu ya vumbi. Mutoto anakimbia: « Papa! » Baba anamuinua, anamukumbatia, mutoto anaweka uso ku kifua. Nani atamukataza baba yule? Sisi hatuwezi. Lakini tunasema kwa wababa: mubadilishe nguo ku kazi kama kampani iko na bafu, na salopeti ibakie kule. Kampani inayotuma wafanyakazi nyumbani na nguo ya kazi inatuma vumbi yake ku watoto wao, na sindika wangeweza kuuliza jambo hili wakati wanauliza mushahara. Kwa wachimbaji wa mukono, ambao hawana bafu wala sindika, nguo moja ya kubadilisha mu mufuko, mayi ku uso na ku mikono, mbele ya kupita ku garderi. Ni kidogo, lakini si bure. Na mama anayesafisha ao kutwanga mawe afanye vilevile, zaidi sana mbele ya kunyonyesha. Salopeti isifuliwe pamoja na nguo za mutoto.

Tantini naye asifagie kwa ukavu. Fagio kavu inapandisha vumbi yote, watoto wanaivuta mu pua, kisha inashuka palepale. Kitambaa chenye mayi, mara mbili kwa siku. Viatu vibakie inje ya mulango. Na pahali makamyo ya mawe inapita, dirisha la upande wa njia lifungwe na lile la kiwanja lifunguliwe.

Juu ya dirisha, neno moja la haraka. Mu mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ni kali, na tunajua garderi zinazoingiza mbabula mu chumba ambamo watoto wanalala. Mbabula ya makala mu chumba cha kufungwa inaua, bila moshi na bila harufu. Blanketi, ndiyo. Mbabula, inje.

Tulipouliza watantini jambo gani linawasumbua zaidi, hawakutaja mayi wala vumbi. Walitaja mutoto mugonjwa. Mbele yetu, mu garderi moja, mama alimuleta mutoto wa mwaka mumoja na nusu, macho ndani, amelegea.

« Mama, huyu anaharisha. Rudia naye. »

« Tantini, nikibakia naye lelo tutakula nini? Nilishalipa nafasi ya soko. »

Walitazamana. Tantini alimupokea. Siku ya tatu, watoto wane wengine walikuwa wanaharisha.

Sisi tunaona tantini alikosa, na tunaelewa sababu gani alikosa. Sheria ya garderi isiachiwe moyo wa mutu mumoja saa kumi na mbili ya asubuhi. Iandikwe, isomwe mbele ya wazazi siku ya kuandikisha mutoto: mwenye kuharisha anabakia nyumbani mupaka siku mbili zipite bila kuharisha, mwenye shurua, ile tunaita rougeole, siku nne kisha vipele kutokea, mwenye homa kali anaenda ku munganga, haendi ku garderi. Na wamama wapatane mbele, wawili wawili, ao na jirani: siku mutoto wangu anaugua, wewe unaniangalilia meza, siku wako anaugua, mimi. Mu Ruashi tuliwakuta wamama wanaofanya hivi kama likelemba, lakini ya siku, si ya falanga.

Mutoto anayeharisha anyweshwe mara moja, bila kungoja: sashe ya SRO mu litre moja ya mayi safi. Kama sashe haiko, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi mu litre moja, vijiko vya kukatwa sawasawa, si vya kujaa. Aendelee kunyonya na kula. Macho ikiingia ndani, akikataa kunywa, ao akiwa na damu mu haja, ni ku lopitali palepale, hata kama mama iko ku soko na simu haipite.

Kuhusu shurua hatutaki kuchezea. Tangu mwanzo wa 2019 mupaka mwanzo wa 2020, inchi yetu ilihesabu zaidi ya wagonjwa 300.000 na zaidi ya wafu 6.000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Ugonjwa huu unapita mu hewa, sabuni haiuzuii. Ni chanjo tu, ya miezi kenda. Mu garderi zote tulizoziona, mbili peke yake ziliuliza karte ya chanjo mbele ya kupokea mutoto. Zingine ziliuliza falanga ya mwezi wa kwanza. Chanjo ile ni bure ku santre de santé, na tantini anaweza kumuambia muzazi: leta karte kesho, mutoto aingie kesho.

Kwa wamama wenye kazi ya mukataba, kwa kampani ao kwa biro, sheria ya kazi ya 2002 inawapa nusu saa mara mbili kila siku juu ya kunyonyesha, na mushahara haikatwi. Wamama wengi tuliowauliza hawakuisikia hata siku moja. Garderi ikiwa karibu na kazi, nusu saa ile inatosha kufika, kunawa mikono ku bidoni, kunyonyesha na kurudia.