Kosa Lililonakiliwa: Namna ya Kuutambua Wizi wa Maandishi

Mwalimu wa Jiografia akiwapa wanafunzi wa Kimbiji, katika pwani ya Wilaya ya Kigamboni, insha juu ya maji yaliyo chini ya ardhi yao, hapana shaka insha nyingi zitafanana. Wengi watasema kwamba chini ya Kimbiji mna tabaka nene za mchanga zinazohifadhi maji, na kwamba visima virefu vimechimbwa huko ili kulihudumia jiji la Dar es Salaam. Kufanana huko si ushahidi wa wizi, kwa kuwa wasemao kweli hukutana.

Lakini ichukuliwe kwamba wanafunzi wawili wameandika “Kimbjii” katika aya ileile, na wote wameiruka hatua ileile ya maelezo. Hapo pana jambo. Njia za kupatia ni chache. Njia za kukosea ni nyingi mno. Kanuni hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya, akiwemo Karl Lachmann, waliyafuata makosa yanayoshirikiwa ili kujua ni mswada upi wa kale ulionakiliwa kutoka upi.

Kipimo cha pili ni mfuatano wa maneno. Insha hukatwa vipande vya maneno matatu matatu, kila kipande kikianza neno moja mbele ya kilichotangulia. Sentensi ya maneno 10 hutoa vipande 8. Kisha huhesabiwa vipande vilivyomo katika insha zote mbili. Andrei Broder alieleza mwaka 1997 jinsi kompyuta inavyoweza kulinganisha hati nyingi kwa njia ya namna hiyo. Kwa Kiswahili pana mtego: mwizi akigeuza “visima vimechimbwa” kuwa “kisima kimechimbwa”, kompyuta huona maneno mapya. Kwa hiyo yapasa kulinganisha mashina ya maneno, si maneno mazima.

Hata katika mitihani kufanana kwa majibu huchunguzwa. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 3,000 waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2011, kwa sababu ya udanganyifu. Uamuzi mzito kama huo wahitaji hesabu ya makini. Swali likiwa na majibu manne yasiyo sahihi, na watahiniwa wawili wakikosea kwa kubahatisha tu, uwezekano wa kuchagua kosa moja ni 1/4. Kwa maswali 10 mfululizo, uwezekano ni 1 katika 1,048,576.

Walakini makosa hayana mvuto sawa. Wanafunzi wengi huweza kudhani kwamba maji ya Kimbiji ni ya bahari yaliyochujwa na mchanga, hasa ikiwa mwalimu mwenyewe alikosea ubaoni. Uwezekano wa kila swali ukipanda kufikia 1/2, ule wa maswali 10 huwa 1 katika 1,024. Tena darasa la wanafunzi 40 lina jozi 780 za kulinganishwa. Kwa hesabu hiyo, jozi moja yenye kufanana kabisa si mwujiza, na mtoto asiye na hatia huweza kuadhibiwa.

Zaidi ya hayo, kosa linaloshirikiwa huonyesha chimbuko moja tu. Halisemi nani alinakili kwa nani. Huenda wote wawili walinakili kitabu kimoja. Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni mazungumzo: kila mwanafunzi aitwe peke yake, insha ifunikwe, naye aulizwe aeleze kwa maneno yake hoja aliyoiandika, na kwa nini aliipanga hivyo. Aliyeifanya kazi ataeleza, hata kwa kusitasita. Asiyeifanya atakuwa amepewa nafasi ya kujifunza kile alichokikwepa.