Manowari Petard na Msiba wa Waliotoka Kilindini

Bandari yetu ya Kilindini imepokea manowari nyingi, lakini ni chache ambazo historia yake imefungamana na msiba wa watu wetu kama HMS Petard ya Uingereza. Tumeona ni vyema familia zetu ziijue.

Petard ilishushwa majini mjini Newcastle mwezi Machi 1941, ikaanza kazi Juni 1942. Ilikuwa destroya, yaani manowari nyepesi yenye mbio, iliyoundwa kulinda misafara ya meli. Urefu wake ulikuwa mita zipatazo 105. Ilibeba mizinga ya inchi nne, torpedo, na mabomu ya kina: mapipa ya baruti yatupwayo baharini, yakalipuka yafikapo kina kilichopangwa. Ili kuitafuta nyambizi, ilitumia chombo kiitwacho asdiki, ambacho hupeleka mlio chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake.

Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Kati, Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Ilipokuwa ikizama, Anthony Fasson na Colin Grazier waliingia ndani kutoa vitabu vya siri, wakisaidiwa na Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyehudumu katika kantini ya meli. Vitabu vilipatikana, lakini Fasson na Grazier walizama pamoja na nyambizi hiyo. Kwa nyaraka hizo, Waingereza waliweza tena kuzisoma salamu za nyambizi za Kijerumani.

Mapema Februari 1944 Petard ilikuwa katika bahari yetu ya Hindi. Pamoja na destroya Paladin na kruza Hawkins, ilisindikiza meli tano za abiria kutoka Kilindini kwenda Colombo. Moja ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na humo walikuwamo pia wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi.

Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliojirusha baharini walibaki wakielea, na nyambizi ikajificha chini yao.

Hapo manahodha walikabiliwa na uamuzi mzito. Kuiacha nyambizi ni kuzihatarisha meli nne zilizosalia na maelfu waliokuwamo. Kuishambulia ni kuwaua waliokuwa wakingoja kuokolewa. Mabomu ya kina hayachagui. Yalitupwa, na baadhi ya waliokuwa majini wakafa kwa silaha za walinzi wao. Nyambizi iliibuka, na baada ya mapambano makali torpedo ya saba ya Petard ikaimaliza.

Watu wapatao 1,300 walipotea. Wanaume waliookoka walizidi kidogo 200. Wanawake walikuwa sita tu.

Petard ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1967. Askari wetu hawana kaburi ila bahari, lakini wanakumbukwa katika Mnara wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita jijini Nairobi. Kina mama na kina baba ambao wazee wao waliondoka Kilindini wasirudi, tunawaomba wawasimulie watoto habari hii, na wanapofika Nairobi wawapeleke wakayasome majina yao.