Kwa Nini Katamarani Haipinduki Upesi

Katamarani ni chombo cha mitumbwi miwili iliyo sambamba, iliyounganishwa kwa jukwaa. Neno lenyewe lina asili ya Kitamili, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Kwa kuwa hakina haja ya mkuku mzito, chombo hiki huelea juujuu, nacho huweza kukifikisha kikundi kidogo cha watu kwenye fukwe za visiwa kama Mbudya na Bongoyo.

Siri ya utulivu wake ni upana. Upepo unapokiinamisha, mtumbwi wa upande wa chini huzama zaidi na kusukumwa juu na maji, huku uzito wa ule wa pili ukikirudisha chombo. Kanuni iyo hiyo hutumika katika ngalawa, yenye mbao mbili za kuelea ubavuni.

Hata hivyo, utulivu huo una mpaka. Mtumbwi mmoja ukiisha kutoka majini, nguvu ya kukirudisha chombo huanza kupungua. Na kikipinduka, upana ule ule hukizuia kuinuka tena. Kwa hiyo abiria wasizidi kiasi, wala wasikusanyike upande mmoja. Naye nahodha apunguze tanga mapema.