Kwa Nini Redio ya Intaneti Hukatika?

Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa wilayani Ngara na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati wilaya hiyo ilipokuwa imepokea mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na Burundi. Katika hali kama hiyo redio si chombo cha starehe tu, bali ni njia ya kupata habari ambazo mtu hawezi kuishi bila kuzijua.

Hata hivyo, mawimbi ya FM, yaani yale ya megahezi 88 hadi 108, husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na vilima huyazuia. Mkazi wa Ngara au Biharamulo anayetaka kusikiliza kituo cha mbali hana budi kutumia intaneti. Huko nako hukutana na matatizo: kituo hakifunguki, foleni ya nyimbo haisogei, au sauti hukatikakatika. Aghalabu hulaumu kituo, kisha hununua kifurushi kingine cha data pasipo faida. Kila tatizo kati ya hayo lina chanzo chake.

Orodha na Foleni

Faili ya orodha ya vituo haina sauti ndani yake. Ni maandishi mafupi yanayotaja anwani ya mtambo unaotuma matangazo, mfano wa kibao cha njia panda. Kituo kikihamia anwani nyingine, kibao hubaki kikielekeza kule kwa zamani. Ikiwa kituo kimoja tu hakifunguki na vingine vinasikika, yafaa kutafuta anwani mpya ya kituo hicho. Ikiwa vyote havifunguki, ukaguliwe mtandao, kisha tarehe ya kompyuta. Kwani anwani zenye ulinzi hutumia vyeti vyenye muda maalumu, na tarehe iliyokosewa huvifanya vikataliwe.

Foleni nayo husogea pale kitu kilicho mbele kinapomalizika. Wimbo una mwisho, lakini matangazo ya moja kwa moja hayana. Nyimbo zilizowekwa nyuma ya kituo cha redio zitangoja daima. Hiyo si hitilafu. Kituo kiwekwe mwisho wa foleni.

Tangi la Sauti

Sauti inayowasili haichezwi papo hapo. Kwanza huwekwa katika akiba ndogo iitwayo bafa, ambayo yaweza kulinganishwa na tangi la maji: mtandao ni bomba linalojaza, na kipaza sauti ni mfereji unaotoa.

Ichukuliwe kwamba kituo hutuma kilobiti 128 kwa sekunde, na tangi lina sauti ya sekunde 10, yaani kilobiti 1,280. Mtandao ukishuka hadi kilobiti 96 kwa sekunde, tangi litapungua kwa kilobiti 32 kila sekunde, na baada ya sekunde 40 litakuwa tupu. Likiongezwa mara mbili, ukimya utakuja baada ya sekunde 80. Umecheleweshwa, haukuondolewa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tangi kubwa hutibu mtandao unaopanda na kushuka, mradi wastani wake unatosha. Halitibu mtandao ulio mdogo wakati wote. Dawa ya upungufu ni kuchagua matangazo ya kilobiti 64, ikiwa kituo kinayatoa. Gharama nayo hupungua: saa moja ya kilobiti 128 hutumia megabaiti 57.6, na ya kilobiti 64 hutumia megabaiti 28.8.

Tangi huchelewesha sauti pia. Kwa hiyo saa isirekebishwe kwa kufuata alama ya saa inayosikika kwenye intaneti.

Zoezi la Darasani

Redio ya FM na simu yenye intaneti zifunguliwe pamoja kwenye kituo kimoja, na wanafunzi wapime kwa sekunde tofauti ya sauti zake. Kisha waeleze tofauti hiyo inatoka wapi, na wakokotoe tangi la kilobiti 1,280 litadumu kwa muda gani mtandao ukishuka hadi kilobiti 112 kwa sekunde.

Katika kutafuta hitilafu, jambo moja tu libadilishwe kila mara, na matokeo yaandikwe. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja huenda akaisikia redio tena, lakini hatajua ni lipi lililoiponya.